Gitaa langu la kuungaunga leo limeongea

Jamani leo silali.

Mnalikumbuka lile gitaa la umeme ninalowasumbua nalo tangu Januari? Bodi ni mninga, kipande kilichobaki kwa fundi vitanda Keko, kaniachia kwa buku tano na soda moja. Shingo nimeitoa kwenye gitaa lililopasuka, pikapu (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) ni zile za bei chee kabisa. Zito hilo, begani kama umebeba mtoto wa miaka miwili.

Sasa jioni nachomeka kwenye spika… zzzzzzzz. Muungurumo tu. Nikasema basi, pikapu feki, cha rahisi kimenitokea puani.

Ila nikagundua kitu. Nikigusa kile chuma cha tundu la kuchomekea waya, kimya. Nikiachia, zzzzz. Nikishika nyuzi, wala halijali.

Ndo nikajipiga kofi la paji la uso. Waya wa ethi wa kwenda kwenye briji (kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi) sijaweka!!! Nikakata kipande kwenye chaja mbovu ya simu, urefu wa kiganja tu, nikatoboa tundu (mninga ukanitoa jasho, drili ya kuazima hiyo), ncha moja nikailehemu kwenye mgongo wa kitufe cha sauti, nyingine nikaibana chini ya briji.

Nikaweka mkono kwenye nyuzi. Kimya.

Nikapiga uzi mnene mara moja tu, nikauacha ulie mpaka uishe wenyewe.

Mama kachungulia mlangoni: "Kumbe ule ubao?"

Bado nyuzi zinagonga kwenye freti za mwanzo (vile vyuma vya kukatiza shingo), nani ana alenki ndogo ya kurekebishia shingo aniazime? Na nipake vanishi au niache mninga ulivyo?