Nilivyoweka menyu ya kuzipu kwenye Thunar

Wanaotumia Xfce, dawati jepesi la Linux, kwenye mashine za zamani watanielewa. Nina steshenari ndogo, kopi, pasipoti saizi, kuskani vyeti vya watu wanaoomba kazi, na kompyuta ya kaunta nimeiwekea Linux ya Debian na Xfce maana RAM yake ni ya kubembeleza. Mimi mwenyewe nazipu, yaani nafungasha mafaili yawe moja, kwa terminali, lile dirisha la kuandikia komandi, zip -r nimemaliza, ila dada anayenisaidia pale huwezi kumwambia aandike komandi wakati foleni imefika mlangoni, yeye anataka araiti-kliki folda la mteja litoke faili moja amtumie mtu wasapu, basi.

Sasa kwenye Thunar, programu ya Xfce ya kufungulia mafolda, hiyo menyu haikuwepo. Wenye Xubuntu, Linux nyingine inayokuja na Xfce, wanaikuta tayari, ila ukiweka Debian halafu ukachukua xfce4 peke yake unaraiti-kliki unaona kukata, kukopi, kufuta, ya kuzipu hamna. Plagini yake, yaani kiongezo cha Thunar, inaitwa thunar-archive-plugin, nikaiweka kwa apt, komandi ya Debian ya kuweka programu, nikapiga thunar -q ili ijizime kabisa, maana ukifunga dirisha tu inaweza kubaki inaendelea kwa nyuma na plagini mpya haisomi. Kufungua tena, Create Archive hiyo hapo. Nabonyeza, naambiwa hakuna programu ya kufanya hiyo kazi!

Kumbe plagini yenyewe haizipu chochote bana. Ni dalali tu, anachukua oda kwenye menyu anampelekea fundi, na fundi unamleta mwenyewe: File Roller, Engrampa, Ark au Xarchiver. Kila fundi ana kifaili chake kinachoishia na .tap, na jina la hicho kifaili lazima lifanane na la .desktop, faili linaloitambulisha programu kwenye mfumo, ya programu unayofungulia zipu. Ndo maana File Roller ilivyobadili .desktop yake ikawa org.gnome.FileRoller, plagini za zamani zikawa zinaitafuta kwa jina la kale wakati ipo palepale, watu wakaishia kutengeneza symlink, yaani njia ya mkato ya faili. Mi sikutaka hayo mambo, nikaweka Xarchiver, nyepesi, haiburuzi mizigo ya GNOME, dawati lingine la Linux, na .tap inakuja nayo. Ikakubali.

Ila bado inafungua dirisha la kuuliza jina na aina ya faili, na dada hataki maswali. Nikaingia Edit, Configure custom actions, nikaongeza yangu nikaiita Zipu ya mteja, komandi ni zip -r %n.zip %N. Hapo %n ni jina la kitu cha kwanza ulichochagua na %N ni vyote. Usije ukaandika jina moja la kudumu kama picha.zip, kwa sababu zip ikikuta faili lipo haianzi upya, inaongezea humohumo, mteja wa leo atapata na picha za mteja wa jana. Halafu kwenye tabu ya Appearance Conditions weka tiki kwenye Directories na Image Files, bila hivyo action yako inatokea kwenye mafaili ya maandishi tu utadhani haikusevu.

Wateja wengine wanalalamika eti zipu haijapunguza kitu. Picha za JPEG zimeshabanwa tayari, hazipungui cha maana. Faida yake ni kwamba ukizituma kama picha wasapu inazikamua ubora, ndani ya zipu zinafika kama zilivyotoka, na mtu anapakua kitu kimoja badala ya arobaini.

Kwa vyeti tunaweka pasiwedi kupitia dirisha la Xarchiver, japo pasiwedi ya zipu inaficha yaliyomo tu, majina ya mafaili yanaonekana. 7z, aina nyingine ya faili la kubana, inaweza kuficha hadi majina, lakini mteja wa simu ya kawaida akiipokea atarudi kuuliza inafunguliwaje, kwa hiyo kaunta ni zipu tu. tar.gz, aina nyingine tena, natumia kwa bakapu zangu, inatunza ruhusa za mafaili ya Linux.