Nilivyojifunza kufuatilia mbio za pikipiki zisizo na breki

Jumatatu ile ya kwanza tulitoka uwanjani tukiwa wekundu kama watu waliotoka kuchimba kisima. Mwanangu akaniuliza njiani, "Mama, kwani nani ameshinda?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa pale kwa zaidi ya saa moja na nusu, nimepiga kelele mpaka koo limekauka, lakini nani alimshinda nani sikujua.

Tunaishi Manchester, si mbali na Kirkmanshulme Lane, ulipo uwanja wa taifa wa spidiwei, ndizo hizo mbio za pikipiki zisizo na breki, uliofunguliwa mwaka 2016. Timu ya hapo ni Belle Vue Aces. Jioni za kiangazi ngurumo zake hutufikia sebuleni dirisha likiwa wazi. Mimi ni mtu wa Voi. Miaka ya 1980, wakati wa Pasaka, baba alikuwa akinishika mkono tukasimama kando ya barabara kungoja magari ya Safari Rally. Unangoja weee, linapita wingu la vumbi, halafu unaanza kungoja tena. Kwangu sauti ya injini iliyopandishwa mpaka mwisho ni sauti ya nyumbani, ndiyo maana siku moja nikamwambia mtoto avae viatu twende.

Spidiwei haikungojeshi. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, yote yanaisha kwa kama dakika moja mbele ya macho yako. Pikipiki ni za cc 500, silinda moja, zinakunywa methanoli, zina gia moja na hazina breki. Hilo la breki lilinisumbua sana, mimi niliyezoea kumwomba mtu wa bodaboda apunguze mwendo. Nilikuja kuelewa kwamba wakiwa wamebanana vile, mmoja akishika breki ghafla wa nyuma yake hana pa kwenda. Kwenye kona wanaitupa pikipiki ubavu, mguu wa kushoto uliovalishwa kiatu cha chuma unaburuzwa chini, usukani umegeuzwa kulia ilhali wenyewe wanaelekea kushoto. Gurudumu la nyuma linamwaga kifusi chekundu juu ya kila aliye nyuma, na juu yetu pia tuliosimama kwenye kona ya kwanza.

Wiki iliyofuata nilinunua kijitabu cha ratiba, nikaja na kalamu. Ndani yake kila mbio ina majina manne na visanduku vitupu, na watu wote karibu nami walikuwa wanaandika kama wanafunzi kwenye mtihani. Mimi nilianza vizuri, mbio ya tatu nikapotea. Ajuza mmoja aliyekaa kando yangu, blanketi magotini, akachungulia karatasi yangu akasema, "Mpenzi, wewe unatazama pikipiki. Tazama rangi." Watu wa huku humwita kila mtu mpenzi. Mimi nami nisingeweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina, nikamwita mama, naye alipenda.

Basi siri ni hii. Wenyeji wanavaa vifuniko vya helmeti vyekundu na vya buluu, wageni vyeupe na vya njano. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu. Kwa hiyo kila mbio hugawa pointi 6, na mbio ziko 15, jumla 90. Anayefika 46 amemaliza kazi. Na uamuzi mkubwa uko mwanzoni: utepe wa kuanzia mbio ukiruka, usipepese macho mpaka watoke kona ya pili, andika mpangilio wao kichwani hapo hapo, kwa sababu kufikia mzunguko wa tatu yule wa nyuma ameshapakwa tope hata rangi yake haionekani.

Mbio ya nane mmoja alianguka, mwingine akamgonga, wakaingia pamoja kwenye uzio uliojazwa hewa. Taa nyekundu zikawaka. Sijawahi kusikia umati ukinyamaza vile. Mwanangu alinishika mkono wa koti, hakusema neno. Yule mama alivua miwani yake na hakuirudisha mpaka vijana wote wawili waliposimama, na makofi yaliyopigwa yalikuwa ya timu zote mbili. Ndipo akaniambia kuhusu baba yake, aliyekuwa akienda uwanja wa zamani wa Hyde Road kumtazama Peter Craven, bingwa wa dunia wa 1955 na 1962. Craven alikufa Septemba 1963 baada ya ajali kule Edinburgh, akijaribu kumkwepa mwenzake aliyeanguka mbele yake. Alisimulia taratibu, kama mtu anayemtaja marehemu wa ukoo. Mimi naona mchezo unaowakumbuka watu wake hivyo unastahili kupendwa.

Mbio ikarudiwa na watatu, aliyesababisha ajali ametolewa. Hapo hesabu yangu ingeharibika, lakini watatu wakimaliza bado ni 3, 2 na 1, sita ile ile.

Kitu kingine alichonionyesha ni udongo. Kadiri usiku unavyosonga, kifusi kinatupwa nje na kujikusanya karibu na uzio, na trekta halikirudishi chote. Mwenye moyo anakwenda kukitafuta huko huko, gurudumu linapata pa kushika, anawapita wengine kwa nje. Kabla ya hapo niliwaona kama wanapoteza njia bure.

Baada ya mbio 14 kijitabu changu kilisema 42 kwa 42. Nikajumlisha tena: 84, sawasawa. Mbio ya mwisho mwenyeji wa buluu alitoka wa tatu, akang'ang'ania nje kabisa, tope linatugonga usoni, na kwenye mzunguko wa mwisho akampita wa njano, kisha akampita na mweupe. Mwekundu naye akampita wa njano, akamaliza wa tatu. Tatu na moja, nne.

"Mama, nani ameshinda?"

"Sisi. Arobaini na sita kwa arobaini na nne," nikasema, na kipaza sauti kilikuwa bado hakijafunguliwa. Mwanangu akaninyang'anya kalamu, akaiandika mwenyewe ile 46, kubwa, ikatoka nje ya kisanduku.