Noah, Altezza na mfongo wa Marangu

Kwa mwezi mzima nimelala na kuamka na swali moja: je, niitoe Noah yangu, gari la familia la viti vinane ambalo limetutumikia tangu mtoto wetu wa kwanza akiwa chekechea, niongeze juu yake shilingi milioni 3 na nusu, nichukue Toyota Altezza, gari dogo la chini na la kasi, ya rangi ya fedha, inayouzwa na kijana mmoja hapa Moshi? Kijana huyo anataka gari la kubebea bidhaa za duka lake. Mimi nilitaka gari ambalo nikiliwasha asubuhi moyo unachangamka. Hapakuwa na dalali kati yetu, na jambo hilo peke yake lilinifanya niamini kwamba biashara hii ina baraka.

Noah yangu ni ile ya zamani, yenye namba za usajili za mfululizo wa B, ambayo injini yake imelala chini ya viti vya mbele, hivyo fundi akitaka kuangalia plagi huanza kwa kuinua kiti, na katika safari ndefu abiria wa mbele hupashwa joto miguuni bila kuomba. Imebeba mbao, ndoo za mbege, viti vya kanisani, wanakwaya tisa penye nafasi ya watu wanane, na Desemba moja mbuzi wawili waliosafiri kwa utulivu kuliko watoto wangu. Hakuna mtu aliyewahi kugeuka barabarani kuitazama.

Kilichonichoma ni kugundua kwamba magari haya mawili ni ndugu. Yote hutumia injini ya familia ya 3S, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 1,998, kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86 vilevile, na yote husukumwa na magurudumu ya nyuma. Tofauti kubwa iko juu, kwenye silinda hedi, yaani kile kichwa kinachofunika silinda, kwa kuwa ile ya Altezza ilibuniwa kwa ushirikiano na Yamaha ili injini ipumue vizuri inapozunguka kwa kasi. Ndiyo maana Noah hutoa nguvu farasi 130 hivi, wakati Altezza ya gia sita za mkono ilitoka kiwandani ikiwa na 210, nazo hazipatikani zote mpaka mshale ukaribie mizunguko 7,600 kwa dakika. Miaka yote nimekuwa nikiendesha damu ileile bila kujua ina uwezo gani.

Kijana alinipa funguo Jumamosi moja, naye akakaa kushoto kwangu. Kutoka Moshi hadi Himo sikupata kitu, kwa sababu barabara zetu zimejaa vibao vya 50, matuta, rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) na askari wenye tochi za kupimia kasi, na mwenye gari la kasi hufika kwa wakati uleule na mwenye Noah. (Barabara ya Arusha si afadhali, anayedhani ataifaidi Altezza kati ya Boma Ng'ombe na Tengeru aandae fedha za faini.) Lakini tulipokata kushoto pale Himo na kuanza kupanda kuelekea Marangu, nilishusha gia hadi ya tatu, nikaingia kona ya kwanza, na usukani ukaniambia kila kitu magurudumu yalichokuwa yakikanyaga. Kirungu cha gia ni cha chuma, cha mviringo, na kilikuwa cha baridi kiganjani. Dashibodi imechorwa kama saa ya mkononi, vipimo vidogo vikiwa ndani ya kile kikubwa. Sikwenda mbio, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nacheka peke yangu, na yule kijana akatazama dirishani kwa adabu.

Nikaamua kupita kwa mama. Njia ya kwenda kwake hukatwa na mfongo, ule mfereji wa maji ambao babu zetu waliuchimba na ambao ukoo bado unausafisha kwa zamu, na juu yake pamewekwa mawe mawili mapana ambayo Noah huyavuka bila kufikiri. Altezza ilipitisha magurudumu ya mbele, ikashuka, kisha ukasikika mkwaruzo mrefu chini ya miguu yetu, kama mtu anayeburuta sufuria juu ya saruji. Tulishuka, tukainama, tukakuta bomba la moshi limekaa juu ya jiwe. Wanaume wanne wa jirani walilinyanyua gari upande mmoja, na mmoja wao akaniuliza kwa upole kama gari hilo ni la mjini tu.

Mama, ambaye magoti yake yamechoka, aliomba kujaribu kukaa. Aliingia mwenyewe, akafurahi, akasema ile Noah humlazimu apande kama anayepanda mti. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba gari ninaloliita la familia humtesa mama kila Jumapili. Nilikuwa tayari kulifanya hilo kuwa hoja yangu kuu, mpaka ulipofika wakati wa kutoka, tukalazimika kumvuta watu wawili.

Habari ya mafuta nitaipita haraka: yote mawili yanakunywa, na hesabu niliyomwonyesha mke wangu kuthibitisha kwamba tungeokoa ilikuwa hesabu ya mtu mwenye hamu. Aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia karatasi. "Baba Neema," akasema, "ukilitaka lichukue, ila usiniambie ni kwa ajili yetu."

Hapo ndipo nilipoacha kupiga hesabu za uongo na kuanza kuandika kwenye daftari kila safari na idadi ya watu. Katika wiki nne tulitoka mara 31, na mara 25 gari lilikuwa na watu wanne au pungufu, mara nyingi mimi peke yangu na viti saba vitupu. Kwa hesabu hiyo Altezza ilishinda. Lakini nilipozisoma zile sita zilizobaki, niliona msiba wa Kibosho, kumpeleka mama hospitali akiwa amelazwa kwenye kiti cha kati, dada zangu na mizigo yao kutoka stendi, na nikakiri kwamba ni safari hizo zilizonifanya ninunue gari tangu mwanzo. Ningeweza kukodi Noah ya mtu, ndiyo, lakini si saa nane za usiku.

Nilimpigia kijana simu Jumatatu nikamwambia sitabadilishana naye. Hakukasirika, alisema kulikuwa na mwingine anayesubiri. Katika zile milioni 3 na nusu nimetoa kiasi, nimeiwekea Noah shokapu mpya na bushi za mbele, na fundi ameichomelea kikanyagio cha chini mlangoni ili mama asipande mti tena. Zilizobaki ziko benki. Sijamwambia mtu ni za nini, ingawa Mama Neema aliniona juzi nikipima kwa futi urefu wa yale mawe ya mfongo, na hakuuliza chochote.