Siku yangu inahesabiwa kwa mofini

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa wilayani Muheza, Tanga. Kazi yangu ni wagonjwa ambao ugonjwa wao hautapona, wengi wao wa saratani, pamoja na watu wanaowauguza nyumbani. Mambo ya wagonjwa nimeyageuza kidogo ili wasitambulike.

Saa 12 asubuhi

Bipu mbili kutoka Mkanyageni, maana yake vocha imeisha na shida ipo. Nampigia. Ni binti anayemuuguza mama yake, saratani ya titi.

"Sista, shikamoo. Mama kalala vizuri tangu jana usiku. Nimwamshe nimpe dawa, au nimwache?"

"Marahaba. Mwamshe, mpe, atalala tena."

Swali hili naulizwa karibu kila wiki na sichoki kulijibu, kwa sababu hapo ndipo kazi yote ilipo. Mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, hutuliza kwa muda wa saa nne hivi, basi. Kwa hiyo tunaitoa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku anapewa dozi mbili kwa mpigo ili yeye na anayemuuguza wapate usingizi mpaka asubuhi. Ukingoja mtu aanze kulia ndipo ukatafute chupa, umeshachelewa. Maumivu yakishapanda, kuyateremsha ni kazi nyingine. Familia isiyo na saa naipangia kwa redio na adhana, na inawezekana kabisa.

Saa 1 na nusu

Kitengoni. Kabati la dawa za kulevya lina kufuli mbili na funguo hazikai kwa mtu mmoja. Kila mililita inayotoka inaandikwa kwenye rejista na kusainiwa na watu wawili. Mofini yenyewe haina mbwembwe: unga, maji safi na kitu kidogo cha kuzuia isiharibike, mfamasia anapima na kuchanganya. Ya kuanzia ina miligramu 5 katika mililita 5, chungu kama shubiri. Ni dawa rahisi kwa bei kuliko watu wanavyodhani.

Dozi anaandika daktari, na leo daktari wetu yuko wodini mpaka saa 3, kwa hiyo tunamngoja. Huwa nawaonea wivu wenzetu wa Uganda. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa mofini hiihii ya maji, na tangu 2004 sheria yao inamruhusu muuguzi aliyesomea kazi hii kuiandika mwenyewe. Basi.

Saa 4

Mkanyageni, kwa yule binti. Harufu ya udi inatupokea kabla hatujapiga hodi. Najua maana yake: kidonda kimeanza kunuka, na mama anaona aibu. Amejiinamia pembeni ya kitanda, mgongo mlangoni, kanga mbili juu ya kifua.

"Sista, usinisogelee sana leo."

Nikasogea. Kidonda kama hiki hatukisugui, kinavuja damu upesi. Tunakiosha kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, yakishapoa. Binti ameshaandaa vitambaa: kanga kuukuu iliyokatwa vipande, ikachemshwa, ikaanikwa juani, ikapigwa pasi, ikafungwa kwenye mfuko safi. Gozi za dukani angezitoa wapi kila siku? Nikatoa vidonge vya metronidazo, vilevile watu wanavyomeza kwa tumbo la kuhara, nikamwonyesha kuvisaga kati ya vijiko viwili mpaka viwe unga laini kama poda ya mtoto, halafu kuunyunyiza juu ya kidonda kabla ya kukifunika. Harufu inaletwa na vijidudu vinavyoishi kwenye nyama iliyokufa, na unga huo unaviua. Siku chache tu utaona tofauti. Udi unaifunika harufu kwa muda, na moshi wake unamkohoza mgonjwa. Chetezo tukakitoa nje.

Kisha nikaomba chupa. Nilikuwa na shaka nayo, na kweli ilikuwa imejaa kuliko inavyotakiwa.

"Saa 4 na saa 8 mnampa?"

Binti akatazama chini. Muuza duka la dawa mmoja alimwambia mtu akishapewa hiyo, andaeni sanda. Kwa hiyo alikuwa akimpa usiku tu, mama akizidiwa.

Maneno haya yananiudhi kuliko barabara ya Amani wakati wa mvua. Nina mgonjwa anayekunywa mofini na asubuhi anauza maandazi stendi. Inalewesha siku mbili tatu za mwanzo, mtu anasinzia, wengine wanatapika kidogo, halafu mwili unazoea. Kisichozoeleka ni choo kigumu, ndiyo maana hatutoi mofini bila dawa ya kulainisha choo. Nikamwambia binti: mama yako anauawa na saratani, hii inamwezesha kula. Mama mwenyewe akadakia, "Basi nipe hiyo ya saa 4, maana imeshafika." Akainywa, akakunja uso, akaomba chai.

Saa 8

Ngomeni. Mzee, saratani ya tezi dume iliyoingia kwenye mifupa. Tulipofika, mtoto wake mkubwa aliyetoka Dar alitukatiza nje, chini ya mchungwa.

"Dada, mzee asiambiwe kitu. Mwambieni ni mgongo tu."

Sibishani na mtu aliyesafiri na wasiwasi wa aina hiyo. Nilimwambia sitamwaga habari mzee asiyoitaka, ila akiniuliza, sitamdanganya. Tukaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani, maji ya kunywa hayo hapo."

Nikamwomba asukume kiganja changu kwa unyayo, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Kwa saratani iliyoingia kwenye mifupa, uti wa mgongo ukiwemo, hili silikosi: miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma, ni dharura, huwezi kungoja mpaka kesho. Ilisukuma sawasawa. Nikampa mililita 5 zake. Kijana akatoka kupokea simu, na mzee akanivuta kwa kidole.

"Unajua kuandika vizuri? Chini ya mto kuna daftari."

Yalikuwa madeni yake. Gunia za machungwa alizolipwa kabla ya kuvuna, fedha ya mbolea kwa mtu wa Muheza mjini, na mia tano ya mwaka gani sijui ambayo yeye aliikumbuka na mdai labda kaisahau. Mwandiko wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka, hausomeki. Anajua kila kitu. Anachoogopa ni ile siku watu watakapoulizwa mbele ya jeneza nani anamdai marehemu, na watoto wasiwe na jibu.

Nilimwambia jambo hili si la kuandikwa na nesi peke yake. Kijana aliporudi, mzee mwenyewe alimwambia, "Kaa hapa. Soma hili daftari kwa sauti." Akasoma. Kufika ukurasa wa pili sauti ilikuwa imebadilika, lakini aliendelea. Hakuna aliyetaja saratani, wala haikuhitajika. Wakakubaliana kumwita imamu na mwenyekiti wa kitongoji kesho wawe mashahidi. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tukimenya machungwa.

Saa 12 jioni

Njiani tulipita kuhani nyumba moja iliyofiwa wiki iliyopita. Mjane aliturudishia chupa ya mofini iliyobaki, imefungwa kwenye gazeti, nasi tukapima kilichomo mbele yake. Itateketezwa kwa rejista. Nikamuuliza analala? Halali. Nitampitia tena.

Saa 4 usiku

Simu kutoka Ngomeni, yule kijana. Hakuanza na salamu.

"Dada, nirudi Dar kesho au nibaki?"

Siku ya mtu siijui, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba baba yake anakula kidogo sana kuliko wiki iliyopita, na kama kazini watamruhusu, abaki.

Akanyamaza, kisha akauliza dawa ya saa 4 ni kiasi gani, maana mama yake kachoka na leo anataka kumpa yeye.

"Mililita 10," nikamwambia. "Vuta na bomba lile lisilo na sindano, na mwinue kichwa kwanza."