Uhalali wa kuku na uhalali wa kura

Tangu Watanzania walipopiga kura tarehe 29 Oktoba 2025, baraza ninaloketi kila baada ya Isha hapa Mji wa Kale, Mombasa, limekuwa na gumzo moja tu. Kati ya watu saba au wanane tunaopokezana vikombe vya kahawa chungu, watano wana jamaa Tanga, na siku zile intaneti ilipokatwa upande wa pili wa mpaka kila mmoja alikuwa akitazama ujumbe wake uliokwama kwenye alama moja, asijue kama aliyeandikiwa yu salama. Ami mmoja, ambaye dada yake ameolewa huko miaka mingi, aliposikia kwamba sehemu ya lawama za fujo zilizozuka siku ya kura imetupiwa vijana waliotoka nje ya nchi, aliweka kikombe chini akasema, "Nyumba ikiungua, wa kwanza kushikwa ni mgeni aliyelala ukumbini." Kijana wa chuo aliyekuwa ameegemea nguzo akamjibu kwa adabu, "Lakini ami, wapo wageni wanaokuja na kibiriti."

Nimekaa na maneno hayo mawili kwa wiki kadhaa, na nimeona heri niyaandike, kwa kuwa katika siasa zetu za Kenya tumeyaona yote mawili, mgeni mwenye kibiriti na mgeni wa kusingiziwa, na mara nyingine tumewaona katika uchaguzi mmoja.

Nianze na neno lenyewe. Utawala ambao watu wameukubali tunasema una uhalali, na neno hilo tumelichukua pale pale tulipochukua halali ya jikoni. Mtu anayenunua kuku Marikiti haulizi kama nyama ni tamu wala kama kuku alinona. Anataka kujua nani kachinja na kachinja vipi, kwa sababu kuku mnene kuliko wote sokoni, akichinjwa kinyume cha utaratibu, ni nyamafu. Kwangu mimi hivyo ndivyo Mahakama ya Juu ya Kenya ilivyofikiri tarehe 1 Septemba 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, majaji wanne walipowashinda wawili na kuufuta uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8. Mshindi, Rais Uhuru Kenyatta, alikuwa ametangazwa kwa asilimia 54.27, akimwacha mpinzani wake, Raila Odinga, kwa kura zaidi ya milioni moja, na mawakili wake walisisitiza unene huo wa kuku. Wale majaji wanne waliuliza habari za kisu. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa mahakama kuubatilisha ushindi wa rais aliye madarakani, na nakumbuka hapa barazani hata waliokasirika walikaa kimya kwa muda.

Mwaka huo nilikuwa wakala wa chama katika kituo kimoja cha Kisauni, kwa hiyo sehemu ya kazi hiyo niliiona kwa macho yangu. Kituo kilipangwa kisizidi wapiga kura 700, idadi ambayo mtu anaweza kuihesabu kwa mkono usiku mmoja. Msimamizi wa kituo aliinua karatasi moja moja, akasoma jina, akaigeuza ili kila wakala aione, kisha karani akaiweka kwenye fungu lake. Tulipomaliza ilijazwa Fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo, tukatia sahihi kwa mwanga wa simu, kila wakala akapewa nakala, nyingine ikabandikwa mlangoni. Hesabu ya kituo chetu ilikuwa safi na sikuona la kulalamikia. Ugomvi wa mwaka huo ulihusu safari ya kutoka mlango ule hadi Nairobi, kwani vituo vilikuwa 40,883 na matokeo yalikuwa yakitangazwa kwa tarakimu huku fomu nyingi zikiwa hazijaonekana. Mwezi Juni Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekwisha kuamua kwamba hesabu ya rais inayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho na haiwezi kurekebishwa kule juu, jambo lililoupa uzito mlango wa kila kituo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu na tume ya uchaguzi ikaamriwa ifungue seva, yaani kompyuta zilizohifadhi matokeo, haikuzifungua kama ilivyoamriwa, na majaji wakaihesabia hilo. Upinzani ukawaita waliotangazwa washindi "vifaranga vya kompyuta", na "fungua seva" likawa neno la mitaani ambalo hata watoto wa madrasa walikuwa wakitaniana nalo.

Wageni je, walikuwapo? Walikuwapo kila upande. Siku chache kabla ya kura, Mmarekani na Mkanada waliokuwa wakiushauri upinzani walikamatwa na kufukuzwa nchini. Miezi saba baadaye, Machi 2018, kituo cha televisheni cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha video iliyopigwa kwa siri, ambamo mkubwa mmoja wa Cambridge Analytica, kampuni ya London ya kushauri kampeni, alijigamba kwamba kampuni yake ilikibadilisha chama cha rais jina na sura mara mbili, ikakiandikia ilani na kuwahoji Wakenya kwa makumi ya maelfu. Chama kilijibu kwamba kazi iliyonunuliwa ilikuwa ya kujitangaza tu. Mimi siamini majigambo yote ya mfanyabiashara anayemwinda mteja mpya, lakini hata nikiyagawa kwa nusu, inabaki kwamba watu wa London walikuwa wakitafuta hofu zetu ili zikauziwe wanasiasa wetu. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema tuliingiliwa, kwa sababu wale hawakuvunja mlango usiku. Walialikwa, wakaandaliwa chumba, wakalipwa.

Waangalizi nao walikuja kwa wingi: John Kerry na wenzake wa Kituo cha Carter, Thabo Mbeki wa Umoja wa Afrika, John Mahama wa Jumuiya ya Madola, Marietje Schaake wa Umoja wa Ulaya. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, na wengi wetu tuliamini kwamba macho hayo makubwa yangetuponya. Kwa haki yao, waliusifu upigaji kura na uhesabuji wa vituoni, ambao hata mimi nausifu, na walimhimiza asiyeridhika aende mahakamani. Ila sifa zao zilitolewa wakati fomu bado zikisubiriwa, na zilipofika masikioni mwa mtu wa kawaida zilisikika kama fatwa kwamba kuku ni halali, ilhali walikuwa wameona manyoya tu. Mahakama ilipoamua vinginevyo, aliyepata aibu hakuwa tume peke yake.

Kuku ninayemtaja si wa mfano tu. Mnamo Desemba 2014 mahakama ya London iliikuta kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman na hatia ya kuwahonga maafisa wa Kenya, wakiwamo wa iliyokuwa tume ya uchaguzi, ili ipate zabuni, na katika barua pepe zao hongo ilikuwa ikiitwa "kuku". Wakurugenzi wakahukumiwa, na fedha zilizotozwa zikaja kununua magari ya kubebea wagonjwa, Kenya ikayapokea. Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Mwingereza aliyetoa kuku alihukumiwa kwao, na waliopokea walikuwa wetu. Katika habari zote za mkono wa nje nilizowahi kusoma, hii ndiyo yenye ushahidi uliopimwa mahakamani, na ndiyo inayosemwa kidogo zaidi majukwaani, labda kwa sababu kila anayeifungua anakuta mfupa uani kwake mwenyewe.

Kuna pia kuingilia kwa mdomo, ambako mara nyingi humfaa yule aliyekusudiwa kudhurika. Februari 2013, Uhuru Kenyatta na mgombea mwenza wake William Ruto wakiwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, Johnnie Carson wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani aliwaambia Wakenya kwamba chaguo lolote lina matokeo yake. Wafuasi wao hawakuhitaji bango jingine. Uchaguzi ukageuka kuwa swali la kama tutaamriwa na wazungu, na Kenyatta akaivuka nusu ya kura, asilimia 50.07, kwa kura zisizofika 10,000. Siwezi kudai kwamba Carson ndiye aliyezileta, lakini kama ningekuwa meneja wa kampeni ile ningempelekea halua.

Sisi wa Mombasa tuna kisa chetu. Mwaka 2022 karatasi za kura zilichapishwa Ugiriki, na zile za ugavana wa Mombasa na wa Kakamega zikaonekana, siku moja kabla ya kura, kuwa na picha zisizo za wagombea wenyewe. Tume ikaahirisha kura ya gavana hadi Agosti 23, kisha hadi Agosti 29. Abdulswamad Nassir akamshinda Hassan Omar siku ambayo misururu ya mtaani kwetu ilikuwa mifupi kiasi kwamba nilipiga kura na kurudi nyumbani chai ikiwa bado ina moto. Katika zile wiki tatu nilisikia mtu mzima akisema, bila kucheka, kwamba Wagiriki wana mgombea wao Mombasa. Kosa la kiwandani na njama ya taifa jingine ni vitu viwili mbali kabisa, lakini mahali ambapo watu hawaelezwi kitu upesi, njama huziba pengo kabla ya maelezo kufika.

Mwaka huo huo lilifanyika jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko mitambo yote tuliyowahi kuinunua: picha za Fomu 34A kutoka karibu vituo vyote 46,229 ziliwekwa wazi kwenye tovuti, kila mwenye simu akawa anaweza kujumlisha. Wananchi, magazeti na vyama wakafanya hivyo. Makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo, William Ruto akitangazwa kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga, nchi ilikuwa na kitu cha kurejea. Madai kwamba wageni waliingia katika mtambo na kubadilisha fomu yalipofika Mahakama ya Juu, yalilinganishwa na nakala za karatasi na yakaanguka, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakaafikiana. Walioshindwa wengi hawakuridhika mpaka leo, na sitaki kuwabeza. Balozi wa Marekani aliposema mwaka uliofuata kwamba ule huenda ulikuwa uchaguzi wa kuaminika kuliko wote katika historia ya Kenya, aliwaudhi upya bila faida yoyote. Hata hivyo, asiyeridhika wa 2022 angeweza kuonyeshwa kituo baada ya kituo, na wa 2017 hakuwa na pa kuonyeshwa.

Kijana wa chuo alinitajia Romania, na ni mfano mgumu kweli. Huko mahakama ya katiba iliamuru kura za duru ya kwanza zihesabiwe tena, ikazithibitisha tarehe 2 Desemba 2024, kisha siku nne baadaye ikaufuta uchaguzi wote kwa sababu ya kampeni ya TikTok iliyomwinua mgombea Călin Georgescu na nyaraka za idara za usalama zilizodokeza mkono wa taifa la nje. Uchaguzi ulirudiwa Mei 2025 bila yeye, akashinda Nicușor Dan. Sina sababu ya kuwatetea waliotia fedha gizani katika kampeni ile. Wasiwasi wangu ni kwamba karatasi za kura zilikuwa sawa na kilichoharibika kilikuwa vichwani mwa wapiga kura, na ushahidi wake ulitoka katika mafaili ambayo hakuna wakala anayeweza kuyatia sahihi wala mtu wa kuyabandika mlangoni. Serikali nyingine, isiyo na mahakama kama ile, ikijifunza njia hiyo itaitumia kila inaposhindwa.

Na hapo ndipo ami alipokuwa akielekea tangu mwanzo. Tanzania ilimrudisha Martha Karua, wakili na mwanasiasa wetu, uwanja wa ndege mwezi Mei 2025 alipokwenda kuhudhuria kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu, na wanaharakati wa nchi jirani wakaonywa wasiingilie. Chama cha Lissu hakikuwa katika karatasi ya kura, wala Luhaga Mpina, mgombea wa chama kingine cha upinzani, ACT-Wazalendo. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Waangalizi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na wa Umoja wa Afrika, ambao si mabeberu kwa hesabu ya mtu yeyote, wakasema uchaguzi ule haukufikia viwango. Nasi Wakenya tusijione wasafi, kwa sababu katika marudio ya Oktoba 26, 2017, ambayo upinzani uliyasusia na ambayo hayakufanyika kabisa katika kaunti nne za Nyanza, mshindi wetu pia alipata asilimia 98, na waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Kuku mnene namna hiyo nampita kwanza sokoni.

Nilimuuliza ami kama anaamini kuna mgeni yeyote aliyewasha moto Tanzania. Alifikiri kidogo, akasema hajui, ila dada yake alizaliwa Mombasa, ana watoto na wajukuu Tanga, na tangu Novemba haongei siasa kwenye simu hata akiulizwa bei ya unga.

Uchaguzi wetu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mpwa wangu amekwisha kuniambia kwamba anataka kuwa wakala, nami nimemwahidi kumfundisha nilichojifunza Kisauni: aende na kalamu mbili na simu iliyojaa chaji, ahakikishe hesabu ya kila mgombea imeandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, asitie sahihi fomu yenye nafasi tupu hata akiambiwa gari linasubiri, na asiondoke mpaka fomu ibandikwe, aipige picha ikiwa pale mlangoni, namba ya kituo ikisomeka.