Kumbukumbu ya mradi: kuondoa faili za usiku kati ya mifumo ya chuo

Tulikoanzia: mfumo wa usajili, wa fedha, Moodle ya masomo ya mtandaoni na Koha ya maktaba viliongea kwa faili za CSV (majedwali ya maandishi matupu) zilizotolewa na cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, saa nane usiku. Anayelipa karo asubuhi anafunguliwa masomo kesho yake. Faili likikatika katikati, waliokuwa upande wa chini hawaonekani popote, na hakuna kengele inayolia. Mtu akilifungua kwa Excel "arekebishe kidogo", sufuri za mwanzo za nambari za simu zimekwenda.

Sasa kila mfumo unatangaza tukio kwenye RabbitMQ, programu inayopokea ujumbe, kuupanga kwenye foleni na kuupeleka kwa mifumo mingine: mwanafunzi.amesajiliwa, karo.imelipwa, kozi.imeongezwa. Foleni ni za aina ya quorum, yaani zina nakala juu ya seva tatu na wingi wa seva ndio unaoamua. Moja ikizimika kazi inaendelea. Mpokeaji anathibitisha ujumbe baada ya hifadhidata kukubali, si kabla. Akithibitisha mapema kisha programu ianguke, tukio limepotea.

Karo ya M-Pesa

Uhakiki wa malipo kwenye Daraja, mlango wa kuunganisha programu na M-Pesa, haujawashwa tangu mwanzo, lazima uombwe. Ukishawashwa, jibu lako linasubiriwa kwa sekunde chache tu, kwa hiyo hatuugusi mfumo wa fedha hapo. Tunaangalia jedwali dogo la nambari za usajili, tunarudisha 0 kukubali au C2B00012 nambari ya akaunti ikiwa si sahihi. ResponseType, mpangilio unaosema lifanyike nini jibu lisipokuja, tumeiweka Completed: seva yetu ikinyamaza, pesa ipite. Afadhali ofisi ya fedha ikae na malipo yasiyo na mwenyewe kuliko mzazi akataliwe siku ya mwisho ya kulipa.

Taarifa ya malipo inaweza kuja mara mbili, au isije kabisa. Dawa ya kwanza ni TransID, nambari ya muamala, kuwa ufunguo wa kipekee kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, na ON CONFLICT DO NOTHING: ikirudi tena, inapuuzwa. Ya pili haina njia ya mkato: taarifa ya akaunti ya M-Pesa inalinganishwa na jedwali letu la malipo kila siku.

Mkwaju

Mkwaju ni ile alama ya / ndani ya nambari ya usajili. Hapa ndipo kazi ilipo, kuliko kwenye foleni. Nambari ya usajili ya mtindo wa X00/1234/2024 inaandikwa na walipaji bila mkwaju, kwa herufi ndogo, na O mahali pa 0. Tunaondoa kila kisicho herufi wala tarakimu, tunakuza herufi, kisha O inageuzwa 0 pale tu muundo unapodai tarakimu. Kubashiri zaidi ya hapo ni kumlipia mtu mwingine.

Mkwaju huohuo ukiwekwa kwenye anwani ya API (anwani ambayo programu huombea data) unaandikwa %2F, na Apache, seva ya wavuti, kwa mpangilio wake wa kawaida hujibu 404 ("haipo") kabla ombi halijaifikia programu. Utatafuta kosa kwenye msimbo wako na hutaliona. Isitoshe, anayehama kozi hupewa nambari mpya. Kwa hiyo kila mwanafunzi ana UUID, kitambulisho cha kipekee cha ndani kisichobadilika: kwenye Moodle inakaa katika idnumber, kwenye Koha ni sifa ya ziada, na cardnumber inabaki ile ya msimbopau uliochapishwa kwenye kadi.

Matukio kuja kinyume

Karo ikitangulia usajili, Moodle haina wa kumwandikisha. Ujumbe unakataliwa, unaenda foleni ya kusubiri yenye TTL (muda wa kukaa) ya sekunde 60, kisha unarudi. Ni lazima x-death, kumbukumbu ya mara ambazo ujumbe umekataliwa, ihesabiwe. Bila hivyo ujumbe mbovu utazunguka milele. Ukifika mara tano, unawekwa kando aufungue binadamu.

Tukio la karo linabeba UUID, kiasi na TransID basi. Jina na simu havina kazi humo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data isizidi inayohitajika.

Linalofuata ni akaunti za eduroam (Wi-Fi ya pamoja ya vyuo) kupitia KENET, mtandao wa elimu wa Kenya, zifungwe mwanafunzi anapohitimu. Cron ya zamani bado inakimbia, ila haiandiki chochote: inatoa orodha ya tofauti kati ya njia mbili. Itazimwa muhula mzima ukipita bila tofauti isiyoelezeka.