Siku moja maishani mwangu: nilimpeleka Mwalimu Mars kutokea Kaloleni

Mimi ni dizaina hapa Arusha, nina kijiduka Kaloleni, karibu na Mnara wa Azimio. Watu wakiona kompyuta wanajua yenyewe ndo inachora, we unabonyeza tu. Haya, njooni muione jana.

Saa 12 asubuhi niko kwenye kifodi (daladala), saa 1 na nusu nishafungua na kufagia, mpaka saa 4 ni kopi za vyeti, pasipoti saizi na bango la saluni.

Saa 4 na kitu akaingia chalii mmoja mwanachuo, ana hadithi yake ya katuni anataka jalada. Ni mwaka 2167, miaka 200 tangu Azimio la Arusha, na Mwalimu Nyerere anaongoza watu waliohamia Mars. Nilicheka, ila alivyoielezea nikaipenda kusema kweli. Kiongozi wa kule haruhusiwi kuwa na hisa kwenye kampuni, wala mishahara miwili, wala nyumba ya kupangisha, yani masharti yaleyale ya 1967, yeye kaongezea kampuni za oksijeni tu.

Sasa kuchora ndo shughuli. "Sista, muwekee misuli." Nikaweka. "Mvalishe helmeti." Nikamvalisha, sura ikapotelea kwenye kioo, nikaanza upya. "Toa kifimbo, mpe bunduki ya leza." Hapo nikagoma, nikamwambia kaka, Mwalimu bila kifimbo atakuwa mzee yeyote yule, akanijibu yeye ndo analipa. Nikaweka leza. Kuna mama alikuwa anasubiri kopi zake akanyoosha shingo, "Mwanangu, huyo ni askari wa wapi?" Chalii kimya. Kifimbo kikarudi na misuli ikatoka yenyewe bila kuombwa.

Umeme ukakatika na mimi sijasevu. Nikaenda kula makande nisije nikalia mbele za watu.

Uliporudi tukahamia kwenye mwenge. Mwalimu si alisema tuuweke juu ya Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka yetu, na 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha kweli, basi chalii anautaka juu ya Olympus Mons, mlima wa Mars wenye kama kilometa 22 kwenda juu, Kilimanjaro wetu na mita zake 5,895 unaingia mara tatu na chenji inabaki. Sikatai. Lakini hewa ya kule karibu yote ni kabonidayoksaidi, moto utawakaje? Tukabishana weee, wateja wananisubiri, mgongo unawaka moto, hata saa sikuangalia tena. Yule mama (kopi alishapata zamani, ila haondoki!) akasema, "Si muufunike kioo kama chemli?" Nikachora chemli, nikaunga na mpira wa oksijeni unaotokea mgongoni kwa Mwalimu. Wallahi ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Kwenye malipo, tulishaelewana elfu 40, chalii anakuna kichwa, "Si elfu 10 tu sista, kwani si kompyuta ndo imechora?" Sikumjibu, nilimwangalia tu. Akatoa elfu 20, nyingine kesho.

Nimefika nyumbani usiku, sijavua hata viatu, meseji ikaingia: "Sista, yule mama wa kopi naye tumuweke, awe waziri wa nishati." Nikamtumia bei ya mtu wa pili, nikazima simu.